Bodi ya Mwalimu Ndahani

Jumatatu, 19 Agosti

Nimeendelea kukata. Sauti, nje. Bluetooth, nje. Kamera, video, printa, vyote nje. Pampu ya kisima haihitaji muziki. Kila ninachokitoa kwenye kerneli, programu ya msingi ya hii kompyuta ndogo ya pampu, kinaifanya bodi iamke haraka zaidi. Ndiyo maana naipenda kazi hii. Unaondoa tu, mpaka kibaki kile kinachotakiwa.

Upepo tangu asubuhi. Vumbi la Mkonze limeingia hadi chini ya vitufe vya kibodi.

Kabla ya chai Bosi Edwin kaingia na mtu mpya. Mzee. Shati jeupe lililopigwa pasi, kalamu mfukoni. Nikamjua kabla hajageuka. Mwalimu Ndahani, aliyenifundisha elektroniki chuoni, mwaka wa pili.

Nikasimama. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Hakunitambua. Neno mwalimu alilichukua kama heshima ya mvi zake.

Bosi anasema mzee amestaafu, anaishi Buigiri, anataka kujifunza kazi hii ya bodi ndogo. Yuko kwenye majaribio. Atakuwa chini yangu.

Chini yangu. Nimeliandika ili nilione.

Aliyonifanyia nayakumbuka yote. Mradi wangu ulikuwa kengele ya tangi la maji, inalia tangi likijaa. Aliinyanyua mbele ya darasa akauliza kama kitu hiki kimetengenezwa au kimetapikwa. Wakacheka. Nikajaribu kueleza. Akaninyooshea kidole. "Keti, usitupotezee muda." Akaitupa kwenye ndoo ya taka. Nikafeli somo lake, nikarudia mwaka. Mama akawaambia majirani kwamba nilikuwa naumwa. Aliona aibu.

Namchukia. Sijawahi kuacha.

Alhamisi, 22 Agosti

Nimempa bodi mpya, ile itakayoendesha pampu ya kijiji kimoja wilayani Chemba. Nikamweleza kama mtu anavyomweleza mtoto. Kerneli ndiyo inayoamka kwanza ndani ya bodi, kisha inaamsha vingine vyote. Tunachukua ile ya bure inayotumiwa dunia nzima, tunaipunguza, tunaijenga upya iendane na bodi yetu. Kazi yake: bodi iwake, ikae imewaka.

Haitakaa. Najua. Bodi mpya ina kidude cheusi pembeni, hapa ofisini vidude vya namna hiyo tunaviita mlinzi. Kerneli inatakiwa kukipelekea ishara kila baada ya muda mfupi. Kikikosa ishara kinadhani bodi imezimia, kinaikata, kinaiwasha upya. Waliotutengenezea walikibandika bila kutuambia. Mimi nilikigundua Julai kwenye bodi ya mfano, baada ya kuhangaika Jumapili nzima. Dawa yake ni kuwasha kipengele kimoja kwenye mipangilio ya kerneli, na kuongeza mistari michache kwenye ile ramani inayoiambia kerneli kitu gani kiko wapi kwenye bodi. Basi.

Sikumwambia.

Mchana bodi yake iliwaka. Akapiga makofi peke yake. Kabla hajamaliza kufurahi ikazima. Ikawaka. Ikazima.

"Ni umeme huu," akasema.

Nikamwambia aendelee kuchunguza.

Jumapili, 25 Agosti

Nimempigia Mama. Nikamwambia yule mwalimu wa kengele sasa yuko chini yangu, naye ndiye anayeniita injinia. Mama akacheka mpaka akakohoa. Akasema nimfanyishe kazi.

Nimekuwa na furaha siku nzima. Nimefagia hadi nyuma ya kabati.

Jumanne, 27 Agosti

Bado inazima. Amebadilisha nyaya. Amebadilisha chanzo cha umeme. Anaandika kila anachojaribu kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Kila asubuhi namwamkia, kila asubuhi ananiitikia kwa upole. Kisha namwacha azame hadi jioni.

Leo kaja mezani kwangu. Bodi ya mfano iko pale, taa yake ya kijani inapepesa bila kukatika. Akaitazama sana. "Injinia, hii yako mbona haizimi?"

"Hilo ni toleo la zamani, mwalimu."

Si la zamani. Zimetoka katoni moja.

Akanishukuru. Akarudi kwenye kiti chake.

Uongo ulitoka kirahisi kuliko nilivyotegemea.

Jumatatu, 2 Septemba

Kikao cha wiki. Nikamsimamisha aeleze alipofikia. Sisi huwa tunaongea tumekaa, yeye nilimsimamisha. Nikamuuliza kerneli inasoma ramani ya bodi katika hatua gani. Hakujua. Nikamuuliza saa ya ndani ya bodi inachukua wapi kasi yake. Hakujua. Jasho likamtoka kwenye paji. Watu wakainamia simu zao. Nikauliza jingine, ambalo hata mimi ningelijibu kwa kubahatisha.

Alipoanza kuzungukazunguka nikasema, "Keti, mwalimu. Usitupotezee muda."

Niliyatamka polepole. Nikamwangalia usoni. Nilitaka ayasikie maneno yake mwenyewe. Hakusikia. Aliona aibu tu, kama mtu yeyote aliyeaibishwa.

Akaketi.

Nimekaa na hasira mchana kutwa. Kumuumiza mtu asiyejua kwa nini unamuumiza ni kama kula ukiwa na mafua. Unameza, huonji kitu.

Ijumaa, 6 Septemba

Ameungua vidole. Alikuwa anang'oa kapasita, kadhani ndizo zinazozidiwa na umeme. Pasi ya kulehemu ikamteleza. Zuhura, fundi wetu wa kulehemu, akamtia mkono kwenye maji baridi na kumfunga kitambaa.

Nilifurahi. Nikaagiza chipsi mayai, nikamaliza sahani.

Jumatano, 11 Septemba

Zuhura kanifuata pale tunapochemshia chai. Yeye ndiye anayelehemu viunganishi vya bodi zetu zote. Akasema, "Dada Anjela, ile ya kwako na ya mwalimu ni kitu kimoja. Na wewe unajua kwa nini ya kwake inazima."

Nikamkumbusha kwamba mkataba wake unaisha mwezi huu. Nikamkumbusha kwamba maoni ya kumwongezea au kutomwongezea naandika mimi. Sikupaza sauti. Zuhura analea watoto peke yake. Nilikuwa nalijua hilo wakati nayasema.

Akamwaga chai yake kwenye sinki, akatoka.

Mchana Bosi katuita. Pampu ya zamani ya kile kijiji cha Chemba imekufa kabisa. Kiangazi kimekaza, mifugo haina pa kunywa. Bodi lazima ikafungwe Jumamosi. Akamuuliza mwalimu kama iko tayari. Mwalimu akajibu kuwa kwa maoni yake tatizo ni umeme wa hapa ofisini, unapanda na kushuka. Kule kuna sola na betri, umeme umetulia, bodi itakaa vizuri. Aliongea kwa uhakika. Umeme ndio aliofundisha maisha yake yote.

Bosi akanigeukia. "Wewe unaonaje?"

Zuhura alikuwa ananitazama. Mwalimu pia, na alikuwa ananitazama kwa matumaini.

"Inawezekana," nikasema.

Bosi akafunga kikao.

Jumamosi, 14 Septemba

Wameondoka kwa pikapu, mwalimu, dereva na fundi wa pampu. Mwalimu kabeba begi dogo, nguo za siku moja. "Niombee, mwanangu," akaniambia. Nikasema nitamwombea.

Sikumwombea. Nikafua mashuka.

Jumatatu, 16 Septemba

Bodi inafanya yaleyale. Bosi kaongea naye kwa spika mbele yetu sote. Pampu inavuta maji, inakatika, inavuta tena. Dereva na fundi wa pampu wamesharudi, mwalimu amebaki. Ameitoa bodi, ameunga pampu moja kwa moja na umeme, anaiwasha na kuizima kwa mkono. Bila bodi hakuna kinachoangalia kina cha maji kisimani. Kwa hiyo anakaa pale juani, anasikiliza sauti ya mota. Maji yakipungua chini, anazima, mota isizunguke kavu ikaungua. Yakirudi, anawasha. Hivyo kutwa.

Bosi akamwambia akae hukohuko mpaka tupate ufumbuzi. Na asitoke kisimani.

"Sitatoka," mwalimu akasema. Sauti ilikuwa inakwaruza.

Bosi kanikabidhi tatizo mimi. Nikasema nitalitazama.

Nimelitazama kweli. Nilifungua mipangilio, nikashuka hadi kwenye kile kipengele. Kiko pale, kimezimwa, kinasubiri kidole changu. Nikafunga kompyuta.

Alhamisi, 19 Septemba

Kanipigia mwenyewe. Mtandao haushiki kisimani, inabidi apande kilima ndipo apate. Nilimsikia akihema. Akasema watu wanatoka mbali na ng'ombe wao, na yeye anawapa maji kidogokidogo kama dawa. Akasema, "Nisaidie, mwanangu. Peke yangu sitaweza."

Nikamwambia nimekaribia kupata. Akanishukuru. Akasema ashuke haraka, pampu iko peke yake.

Jioni nikaenda kusuka. Dada wa saluni akaniuliza kwa nini nimekaza shingo.

Nasubiri nini? Nasubiri apige siku moja aseme, Anjela, nimekukumbuka. Siku hiyohiyo nitaituma kerneli. Ndivyo ninavyojiambia. Likiandikwa linaonekana jambo la kijinga. Bado nalitaka.

Jumapili, 22 Septemba

Simu yake iliita nikiwa kanisani. Ikaita natoka. Ikaita nikiwa mezani nakula. Niliilaza kifudifudi, ikawa inatetemeka kando ya sahani. Sikupokea. Nilikuwa nimechoka kusikia anavyohema.

Jioni kapiga Bosi. Mota imeungua. Mwalimu aliondoka kisimani, maji yakaisha chini, mota ikazunguka kavu mpaka ikafuka moshi. Alipoteremka akakuta imekwisha. Sasa hakuna maji kabisa, si ya kidogokidogo, si ya kupima. Bosi anauliza, mtu aliyeambiwa asitoke alikwenda wapi?

Mimi najua alikwenda wapi. Alikuwa juu ya kilima, simu sikioni, anasubiri nipokee.

Nimeogopa. Si kwa ajili yao. Kwa ajili yangu.

Jumanne, 24 Septemba

Kerneli niliijenga jana. Niliwasha kile kipengele, nikaongeza mistari kwenye ramani, nikaiamuru kompyuta ijenge, nikaenda kunywa chai. Nilipomaliza kikombe, nayo ilikuwa imemaliza.

Leo nimekwenda Chemba na dereva na fundi wa pampu, mota mpya iko nyuma ya pikapu. Bosi ndiye aliyenituma.

Kisima kiko nje kidogo ya kijiji. Mbauti, yale mabirika marefu ya saruji ya kunyweshea mifugo, yalikuwa makavu. Ng'ombe walikuwa wameyazunguka wanalamba saruji. Ndama mmoja alikuwa amelala ubavu kando ya njia. Nilidhani amepumzika, mpaka nikaona nzi machoni. Wanawake wengi hawakuwepo, walikuwa wamekwenda kufukua mchanga mtoni watafute maji ya chini.

Nilijiandaa kutukanwa. Hakuna aliyenitukana. Mama mmoja mwenye ndoo tupu akaniuliza kama mimi ndiye yule injinia aliyekuwa anapigiwa simu na babu. Nikasema ndiyo.

"Alikuwa anapanda kule juu tena na tena," akasema. "Tukamwambia, mzee, achana nao, hawapokei."

Akageuza ndoo, akaikalia.

Mwalimu alikuwa kwenye kivuli cha paneli za sola. Midomo imepasuka. Shati lile jeupe limekuwa rangi ya udongo. Nikasema, "Shikamoo, mwalimu." Akasema, "Marahaba." Hakuinuka.

Fundi akashusha mota. Nikafunga bodi yangu. Ikawaka. Tukaitazama wote, hata wafugaji, ingawa hawakujua tunatazama nini. Muda wa kuzima ukafika. Ukapita. Maji yakaja, kwanza mekundu, halafu safi. Ng'ombe wakasukumana, mmoja akatumbukia ndani ya mbauti, wanaume wakamvuta kwa pembe na mkia.

Mwalimu akaja pale nilipokuwa nakusanya vifaa. Akauliza ilikuwa nini. Nikamweleza juu ya mlinzi. Alisikiliza kwa makini, akaitikia kwa kichwa, akaomba nimwonyeshe kidude chenyewe kwenye bodi. Nikamwonyesha.

"Umekigundua lini?"

Ningeweza kusema jana.

"Julai," nikasema.

Sikuona hasira. Nilimwona anarudi nyuma siku kwa siku, kikao, vidole, taa ya kijani mezani kwangu.

Ndipo nikamwambia. Chuo, darasa, kengele ya tangi, ndoo ya taka, mwaka niliorudia. Maneno haya nimeyabeba miaka yote, nikadhani yatatoka kama radi. Yalitoka yanatetemeka. Nilipofika kwenye keti usitupotezee muda, nikamnyooshea kidole jinsi alivyoninyooshea.

Akanitazama usoni muda mrefu. Alijaribu. Niliona anajaribu.

"Sikumbuki," akasema. "Nilisema hivyo kwa wengi. Wewe ulikuwa yupi?"

"Anjela."

"Sikumbuki, mwanangu. Ningekukumbuka, ningekuomba msamaha. Sasa nitaombaje, nawe sikuoni?"

Akaenda kwenye mbauti. Akasubiri ng'ombe wampishe. Akanawa uso.

Kurudi, alikaa nyuma ya pikapu pamoja na mota iliyoungua. Mbele nafasi ilikuwepo.

Alhamisi, 26 Septemba

Bosi kamwita mbele yetu. Akamuuliza alikwenda wapi siku ile.

"Nilikwenda kupiga simu."

"Kumpigia nani?"

Mwalimu akanitazama. Nikajua sasa anasema. Sehemu yangu moja ilitaka aseme, yaishe.

"Haikupokelewa," akasema.

Bosi akamwambia hawezi kubaki na mtu anayeacha kazi na kuunguza mota ya wananchi. Majaribio yameishia hapo. Kisha akanigeukia mimi. Akawaambia wote waone, jambo lililomshinda mtu mzima mwezi mzima, mwenzenu kalimaliza kwa siku moja. Wachache wakapiga makofi. Zuhura hakupiga.

Nikasema asante.

Ningeweza kusema jingine. Mdomo ulikuwa wazi. Lililotoka ni asante.

Mwalimu aliweka kalamu zake mfukoni, akawaaga walio karibu naye kwa mkono, akatoka. Sijui kwa nini hakunitaja. Nilimuuliza Zuhura mlangoni, kama vile yeye angejua. Akajibu bila kunitazama, "Labda hakutaka hata kugombana na wewe."

Jumanne, 1 Oktoba

Zuhura ameondoka. Nilimwandikia maoni mazuri, mazuri mno. Akayasoma, akanirudishia. Anasema kuna fundi simu mjini anamhitaji.

Meza yake imebaki na alama za moto.

Ijumaa, 4 Oktoba

Taarifa za Chemba zinaingia kila asubuhi. Kina cha maji, joto la mota, muda ambao pampu imefanya kazi. Bodi haijazima. Bosi ameagiza mipangilio yangu ndiyo itumike kwenye bodi zote zitakazofuata. Juu ya faili kuna jina langu.

Koti alilolisahau mwalimu bado liko kwenye kiti chake. Hakuna anayeligusa. Mama wa usafi anafagia akilizunguka.

Jumapili, 6 Oktoba

Mama kapiga kuniuliza habari za mwalimu wangu. Nikamwambia kafukuzwa. Akasema amepata haki yake. Nikamwambia basi sasa unaweza kuwaambia majirani ukweli, kwamba sikuwa naumwa mwaka ule, nilifelishwa.

Mama akashangaa. "Lakini uliumwa kweli, Anjela. Homa ilikulaza kabla ya mitihani. Nilikuja mimi mwenyewe hosteli kukuogesha. Umesahau?"

Nikamwambia anachanganya na mwaka mwingine. Akasema hachanganyi. Akataja jina la msichana niliyekuwa nalala naye chumba kimoja.

Ndoo ya taka naikumbuka. Sauti ya bodi yangu ikigonga chini ya ndoo naikumbuka. Homa siikumbuki.

Nimekaa kitandani na viatu.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimekwenda Buigiri. Nililitia koti kwenye mfuko, nikapanda basi. Njiani nikapanga maneno. Hayakuwa mengi.

Watu wa kituoni wakanionyesha nyumba. Mkewe alikuwa uani anapepeta uwele. Nikamwamkia. Nikasema natoka ofisini, nimeleta koti la mzee. Akafurahi. Akafuta kigoda kwa kanga yake nikae, akaleta maji ya kunywa.

Akaniuliza kama mimi ndiye binti aliyekwenda Chemba kuirekebisha ile mashine.

"Alitusimulia," akasema. "Kasema angekwama kabisa kule, ila kulikuwa na binti anaijua kazi."

Maneno yangu yalikuwa pale. Nilihisi la kwanza liko mdomoni.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ni mimi."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Viganja vilikuwa na pumba.

Mwalimu alikuwa shambani, ng'ambo ya njia, anakusanya mabua makavu na kuyachoma kabla ya mvua. Mkewe akamwita kwa sauti, akanionyesha. Akajinyoosha, akatazama upande wetu. Akainua mkono, kama mtu anavyomwinulia mpita njia. Kisha akainama, akaendelea na mabua.

Sijui aliona nani.

Nikakaa kidogo. Moshi ukageukia upande wetu, macho yakawasha. Nikaaga, nikaenda kusimama barabarani kusubiri basi.